Siku Tuliyotoa Mihogo Ndani ya Maji

Muhogo uliolowekwa siku tatu unanuka. Wanaosema haunuki ni wale waliouzoea, ao ni waongo wenye adabu. Harufu yake inaingia kwa kitenge, inaingia kwa nywele, inakufuata mpaka kanisani. Mimi nimelelewa na ule muhogo, nimelea nao watoto wangu watatu, na bado niliuonea haya. Ninasema hilo mwanzoni kabisa ili usije ukatafuta mukosaji mwingine katika habari hii. Hakuna mwingine.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya musingi upande wa Pweto, kule Kongo, ng'ambo ya ziwa. Vita ilipotufikia nilivuka na watoto na beseni moja, nikaletwa Mantapala, kambi ya wakimbizi, kama wengine, nikapewa turubai na kipande cha shamba. Kwa shamba tulipanda muhogo muchungu, kwa sababu ndio unaovumilia ule udongo. Lakini muhogo muchungu una sumu. Lazima uumenye, uuloweke siku tatu ao nne mpaka ulainike, ndipo uuanike na kuutwanga uwe bunga. Ukiharakisha, bukari, ndiyo ugali wetu, inakuwa chungu na watu wanatapika. Donc kama huna maji ya kulowekea, hata shamba huna.

Maji yalikuwa kwenye baraji. Ni ukuta wa udongo uliozuia kijito, kazi ya mutu fulani wa zamani aliyetaka shamba kubwa akashindwa, akaenda zake. Nyuma ya ukuta kulikuwa na bwawa refu, na pembeni, pale maji yanapofika magotini, wanamuke walikuwa wamepanga mawe. Kila mwanamuke na duara lake la mawe, kila duara na mihogo yake ndani. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Lakini hukutia hata muhogo mumoja kwa mawe ya mwenzako, na sikusikia mutu aliyejaribu. Mugeni akifika hakuchagua nafasi. Alisimama kando na beseni lake, akanyamaza, mpaka mumoja wa wenyeji akate duara lake katikati na kumupa nusu. Kukata kwenyewe ni kutoa mawe ya upande mumoja na kuyapanga katikati, basi. Tangu hapo ile nusu ni yako, na aliyekukatia unamuita yaya, yaani dada mukubwa, hata kama umemuzidi miaka.

Mimi nilikatiwa na mwanamuke wa turubai ya pili kutoka kwangu. Alikuwa na nyonga mbaya tangu zamani, alitembea akilalia upande wa kushoto, ndiyo maana duara lake lilikuwa la kwanza karibu na njia. Siku ile nilisimama pale na beseni langu na maringo yangu ya ualimu, nikijifanya ninaangalia ndege. Alinitazama akacheka.

“Mwalimu, utaangalia ndege mpaka saa ngapi? Leta beseni.”

Akainama kwa shida, akaanza kuhamisha mawe, moja moja. Sikumusaidia. Nilikuwa sijui kama inaruhusiwa, na tena nilikuwa na haya. Haya yangu ilianza mapema.

Baadaye wakaunda komite ya maji, wakanifanya sekretere. Sababu ilikuwa mwandiko wangu. Nina mwandiko muzuri, sitajidai kinyume. Herufi zangu zinasimama wima, na ile g yangu ina mukia ambao wanafunzi wa Pweto walikuwa wanajaribu kuiga mpaka wanachafua daftari. Kwa Mantapala, barua yoyote ya maana ilipita mukononi mwangu, na nilizoea kuitwa mbele ya watu. Niliipenda ile kazi kuliko inavyofaa.

Bon. Mwaka mumoja tukasikia muji unataka baraji yetu. Muji ni Nchelenge. Uko kando ya ziwa na bado ulikuwa hauna maji, cheka kama unataka. Maji ya ziwa yalikuwa yanaleta kipindupindu, pompe zilisimama kila umeme ulipokatika, na watu walizidi kuhamia. Wakubwa wa muji wakatafuta maji ya juu, yanayoshuka yenyewe ndani ya bomba, wakaona baraji. Hawakutaka kuazima ya mwaka mumoja. Walitaka haki iliyoandikwa, ya miaka mingi, mpaka wajukuu wao wazeeke nayo. Siwalaumu. Hata mimi ningetaka hivyo kwa muji wangu.

Wakatuambia kwamba mutu wa biro ya maji atakuja kuangalia baraji na kujaza fomu. Ile habari ilinifikia Jumanne, yaani siku mbili kabla ya mugeni. Nikaenda pale kwenye maji, nikatazama. Mihogo kila mahali, mingine imevimba, mingine povu nyeupe juu yake. Nikawaza: muji wote utakunywa haya. Nikauona muji ukiinua pua. Nikawasikia wakisema wakimbizi ndivyo walivyo. Hakuna aliyekuwa amesema. Nilisema mimi, kwa kichwa changu, kwa sauti yao.

Nikaita wanamuke. Nikawaambia mihogo yote itoke kabla ya mugeni.

“Yangu ni ya jana,” yaya akasema. “Nikiitoa leo imekufa.”

“Itakufa basi.”

“Tena ni mingi. Ni ya mwezi muzima, mwalimu.”

“Yaya, unataka baseme tunatia uchafu kwa maji ya muji? Unataka baturudishe Kongo?”

Nilisema uchafu. Chakula chetu, chakula alichonifundisha kukilima katika udongo ule, nikakiita uchafu mbele ya wanamuke wenzake, na kwa sauti ile ya darasani ambayo haingoji jibu. Yaya akauliza kama na mawe nayo yatoke.

“Na mawe.”

Wakatoa. Walinitii kwa sababu waliamini ninajua mambo ya biro. Mawe tuliyatupa pale maji yanapokuwa marefu. Mihogo ikabebwa nyumbani ikitiririka maji, migumu bado. Mimi nikachukua ufagio nikafagia ukingo. Mutu muzima, anafagia ukingo wa bwawa. Nikikumbuka ule ufagio hata leo ninafunika uso, hata nikiwa peke yangu.

Mugeni alikuja Alhamisi na viatu vya mvua na ubao wa kushikia karatasi. Alikuwa mutu mupole, Mubemba wa kando ya ziwa. Tulisemezana Kibemba, kwa kuwa mimi nilishajifunza sokoni. Yaya na wanamuke wengine walisimama nyuma yangu na vitenge safi, kwa maana hilo nalo niliwaagiza. Kibemba chao kilikuwa cha salamu tu.

Alizunguka bwawa lote akipima kwa kamba, akarudi akasimama palepale palipokuwa na duara la yaya, maji yakimufika magotini.

“Pazuri hapa, bamayo,” akasema, akiniita mama. “Ingekuwa kwetu Puta, mama yangu angekuwa amejaza mihogo yake hapa toka asubuhi.”

Soma hiyo mara ya pili, kwa sababu mimi nimeisoma kichwani mara nyingi. Mulango ulikuwa wazi. Mutu wa biro mwenyewe alikuwa ameufungua na kuushika kwa mukono. Nikacheka kile kicheko cha wageni, nikamujibu kwa heshima: “Sisi hapa tunapenda usafi, mukwai.”

Akaitikia kwa kichwa. Nadhani alishangaa kidogo. Kisha akatoa fomu, akanionyesha mustari, akanielezea polepole. Kama kuna watu wanaotumia maji haya, waandikwe hapa. Muji ukipewa haki, sehemu ya wale walioandikwa itaachwa pembeni, wataendelea nayo miaka yote ile. Wasioandikwa hawamo. Sitasema sikuelewa. Nilielewa neno kwa neno, ningeweza kufanya mutihani wake. Lakini kuandika kwamba tunaloweka mihogo ilikuwa kuandika kwamba nimemudanganya sasa hivi, tena mbele ya ukingo uliofagiliwa. Nikachukua kalamu yake. Pale penye watumiaji wa sasa nikaandika: hakuna. Nikatia sahihi, na cheo changu chini yake, sekretere.

“Anasema nini?” yaya aliniuliza mugeni alipoondoka.

“Anasema ni pazuri.”

Ile mihogo ya yaya iliyotolewa kabla ya siku zake, aliianika juu ya turubai. Ikawa nyeusi. Alijaribu kuipika, akatapika siku mbili, akaniambia ni malaria. Haikuwa malaria, na mimi nilimupelekea dawa ya malaria.

Muji ulipata haki yake. Wakafanya sherehe kule Nchelenge, wakaniita kama sekretere, wakanipa kiti cha mbele na kitenge kipya. Mukubwa mumoja akasoma karatasi kwa kipaza sauti. Miaka mingi, akataja ni mingapi, watu wakapiga vigelegele. Akasoma pia kwamba uchunguzi haukukuta mutu yeyote anayetumia maji hayo. Nikapiga makofi. Mikono yangu ilipiga, niliiona ikipiga.

Mwezi haukupita, waya ukazungushwa baraji yote, akawekwa na mulinzi. Ilikuwa haki yao kuweka waya, maji yanayonywewa yanalindwa. Wanamuke wenye miguu mizuri wakaanza kwenda kijito cha chini, safari ya asubuhi nzima kwenda na kurudi na beseni kichwani. Yaya hakuweza. Alijaribu mara moja, akarudi akiwa amekaa nyuma ya kinga, baiskeli ya watu, ameshikiliwa huku na huku, na nyonga ikamulaza siku nyingi. Akaanza kuloweka kwa ndoo, maji ya pompe ya kusimamia foleni, muhogo kidogo kidogo. Shamba lake lilijaa mihogo ya kutosha, na yeye alikula bukari mara moja kwa siku.

Wanamuke wakaja kwangu. Waje kwa nani mwingine? Wakanikalia mulangoni, wakasema: mwalimu, andika. Waambie biro tulikuwako. Nikaandika. Na nikaandika vizuri, ndicho kinachoniuma. Niliweka yote, mawe, kukatiana nusu, siku tatu za kuloweka, yaya na nyonga yake bila kumutaja. Nilipowasomea, wawili walilia. Yaya alinishika mukono akasema, “Mungu alituletea weye.”

Nikapeleka ile barua mwenyewe. Yule bwana mupole aliisoma mpaka mwisho. Alifungua kabati, akatoa fomu, akailaza mezani kando ya barua. Herufi wima, hapa na pale. Ile g na mukia wake, hapa na pale.

“Bamayo, huu ni mwandiko wako?”

“Ni wangu.”

“Na huu?”

Niliangalia chini, nikahesabu vigae vya sakafu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, ningepata pa kukasirikia. Alisema kwa upole kwamba haki haijafungwa kabisa kwa watu waliosahauliwa, kuna njia. Aliyetia sahihi aje aandike, kwa jina lake, kwamba alisema uongo, na aseme mbele ya wanamuke walewale na mbele ya watu wa muji. Hapo biro inaweza kuangalia upya na kuwaachia sehemu, pengine kona moja ya bwawa. Bila hiyo, barua yangu ilikuwa ni malalamiko ya mutu anayejipinga mwenyewe. Akaikunja, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima.

Nilirudi Mantapala. Wanamuke walikuwa wamekaa wakinisubiri, wengine wamebeba watoto, yaya kwenye kigoda.

“Wamekataa,” nikawaambia.

Wakanipa pole. Wakanipa pole mimi. Mumoja akaniletea maji ya kunywa.

Baada ya hapo sikuweza kukaa pale. Nilitafuta ruhusa ya kutoka kambini na sababu, nikahamia Nchelenge, nikaanza kuuza samaki kavu wanaotoka Kilwa ya Kongo kwa mashua. Watu walisema nimeendelea. Nilipanga nyumba ya vyumba viwili, na nje mulangoni kuna robine, bomba la maji. Unajua yale maji yanatoka wapi. Mwanzoni nilikuwa ninaifungua nikiwa nimegeuza uso. Kisha nikazoea, mutu anazoea. Niliosha, nilipika, nilikunywa. Sikuloweka muhogo hata siku moja, nilinunua bunga tayari sokoni, nikasema ni kwa sababu sina nafasi.

Miaka miwili nilikaa hivyo. Mara chache nilirudi Mantapala kusalimia, nikipeleka samaki, nikiondoka kabla watu hawajakaa. Halafu mwaka huu, baada ya mvua kuisha, nilikwenda nikamukosa yaya nyumbani. Wakaniambia yuko chini ya ukuta.

Nilimukuta kweli chini ya ukuta wa baraji, upande wa nje wa waya. Pale udongo ulikuwa unavuja kidogo, na maji yanayovuja yalikuwa yamefanya kidimbwi, upana wake labda mikeka miwili. Yaya alikuwa amekaa ukingoni na miguu ndani, anamenya mihogo. Alikuwa amekonda. Alikuwa na furaha.

“Ona,” akasema. “Muji umesahau haya. Ni kidogo, lakini yanakaa.”

Alikuwa amepanga mawe kuzunguka kidimbwi. Na katikati alikuwa amepanga mustari mwingine wa mawe. Upande mumoja ulijaa mihogo yake, imebanana mpaka mingine inatokeza juu ya maji. Upande wa pili ulikuwa mutupu, maji matupu, safi.

“Yaya, mbona hujaweka huku?”

“Huku ni kwako.”

“Mimi ninakaa Nchelenge.”

“Minajua. Lakini muji unaweza kukushinda siku moja. Utarudi na beseni yako, utaanza tena kuangalia ndege.” Akacheka kwa lile wazo lake, akaendelea kumenya.

Nikakaa chini palepale kwenye matope na kitenge changu cha sokoni. Nikamuambia. Nilianza na fomu, nikarudi nyuma kwa yale maneno juu ya mama wa Puta, nikaenda mbele kwa ile barua na ile meza ya biro. Nilimuambia pia nilichowaficha, kwamba kulikuwa na njia, na kwamba njia ilikuwa mimi, na kwamba sikuipita. Sikulia. Nilijikataza kulia, kwa sababu angenibembeleza.

Alikuwa ameacha kumenya.

“Kwa sababu gani?” akauliza.

“Niliona haya.”

“Haya ya nini?”

“Ya harufu.”

Alitazama mihogo yake, kisha mikono yake. Akainusa, hivi, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, kama mutu aliyeambiwa jambo juu yake na anataka kuhakikisha. Nimefanya mabaya mengine katika maisha haya, lakini sidhani nimewahi kumuona mutu akifanya jambo lililoniumiza kuliko hilo.

Hakunitukana. Aliinama kwa ile shida yake ya zamani, akashika jiwe la kwanza la mustari wa katikati, akalipeleka ukingoni. Akashika la pili. Nikanyoosha mukono nimusaidie, akasema, “Acha.” Akahamisha yote, moja moja, mpaka kidimbwi kikawa duara moja. Kisha akachukua ile mihogo iliyobanana akaitawanya, ikapata maji.

“Wende kwanza ukaandike,” akasema bila kuniangalia. “Halafu tutaona.”

Jumatatu nilikwenda biro. Nikaandika kwa jina langu kwamba nilidanganya, kwamba walikuwako, na kwamba mihogo niliitoa mimi. Mwezi uliofuata nikasimama mbele ya wanamuke wa Mantapala na watu wa muji, nikasema yaleyale kwa midomo, kwa Kiswahili kisha kwa Kibemba. Yaya alikuwa amekaa mbele. Alisikiliza mpaka mwisho, akasimama akilalia kushoto, akaenda zake.

Biro inasema inaangalia. Kila nikipita ninauliza, wananiambia bado. Mimi nimeanza tena kuloweka muhogo hapa Nchelenge, kwa ndoo, nje chini ya robine, wapangaji wenzangu wanalalamika na ninawaacha walalamike. Mara moja kwa mwezi ninakwenda Mantapala na beseni. Ninashuka mpaka chini ya ukuta, ninasimama kando ya kidimbwi, ninanyamaza. Yaya ananijibu salamu vizuri, anauliza watoto, anapokea samaki. Mawe bado hajayagusa.